Kabla Hujamtoa Mtu Kundini

Zawadi, uliniomba nikuandikie namna ya kulitunza kundi la wasikilizaji unalolipokea kwangu, ukasema hata ukurasa mmoja unatosha. Huo ukurasa umenihangaisha. Mimi niliishia darasa la saba, na kazi niliyofanya hapa redioni haina hata jina. Watu wa jumuiya wakiniuliza nilikuwa nafanya nini huko nasema nilikuwa napokea salamu, wanatikisa kichwa kwa adabu. Nilianza na kadi dirishani, ndiyo maana wananiita Mama Kadi, nikamaliza na simu mkononi. Kama katikati hapo nilifanya vizuri au nilibahatisha, sijui. Naandika nilivyoona. Wewe na wenzako mtachukua cha kuwafaa, kingine mkiache.

Siku ya kwanza nilikuja kwa miguu kutoka Makanyagio nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana, nikaonyeshwa kiti, dirisha na muhuri. Nyie hamkuzikuta kadi za salamu. Mtu alinunua kadi, akajaza jina lake na anakoishi, akaandika anaowasalimia, na chini kabisa kulikuwa na mstari wa ujumbe. Majina hayakuwa na shida. Kila mmoja alikuwa na jina lake la redioni: Mzee Bati wa Usevya, ambaye nyumba yake ilikuwa ya kwanza kuezekwa bati mtaani kwao na hakutaka tusahau, Baba Devota wa Mamba, mkulima wa mpunga, Mama Migebuka wa sokoni, ambaye sina haja ya kueleza alikuwa anauza samaki gani. Shida yote ya kazi ilikuwa kwenye ule mstari wa chini.

Aliyenifundisha ni Kaka Festo, mtangazaji wa kipindi cha salamu, mtu mwembamba aliyekunywa chai bila sukari na kutuonea huruma sisi tunaoitia. Mwanzoni kabisa ilikuja kadi imeandikwa hivi: "Namsalimia jirani yangu ambaye ng'ombe wake wanapenda mahindi yangu kuliko majani. Namtakia siku njema." Nikacheka, nikaigonga muhuri, nikampelekea.

"Umeisoma?" akaniuliza.

"Nimeisoma, kaka. Inachekesha kweli."

"Umeisoma kwa sauti ya nani?"

Nikajiuliza, swali gani hilo?

"Umeisoma kwa sauti yako," akasema, "wewe ambaye huna shamba. Haya, isome kwa sauti ya aliyeandika. Halafu isome tena, sasa wewe ndio mwenye ng'ombe, umekaa kwa wakwe zako, redio imefunguliwa."

Nikasoma pale pale mbele yake, naona aibu. Mara ya pili haikunichekesha. Mara ya tatu ilikuwa inatafuta panga.

Festo hakuichana. Chini ya meza yake kulikuwa na boksi la sabuni ameliandika kwa kalamu nene: KESHO. Kadi yenye hasira ililala humo. Mwenyewe akipita tena mjini, au tukimpata mtu wa kwao, tulimuuliza, "Bado unataka tuisome?" Wengi walisema hapana. Huyo wa mahindi alikuja asubuhi iliyofuata kabla sijafungua dirisha, akaomba kadi yake, akakwangua ule mstari kwa wembe, akaandika, "Jirani, pita nyumbani tuongee." Wachache walisema ndiyo, someni. Festo alizisoma kama hazina tusi, maana alisema redio sio ya baba yake. Hilo nalo nilijifunza, ingawa lilinichukua muda zaidi. Kumchelewesha mtu sio sawa na kumnyamazisha.

Nadhani nusu ya kazi yangu ilikuwa lile boksi. Sikulijua hilo mpaka lilipoondoka.

Halafu zikaja simu. Nikapewa kiswaswadu cha redio, ile simu ndogo ya vitufe, watu wakawa wanaandika ujumbe wakiwa kitandani, na mtu akiwa kitandani huwa na maneno mengi. Bado ujumbe ulipita kwangu kwanza, kwa hiyo nilifanya boksi la Kesho humo humo ndani ya simu. Ila kundi la wasikilizaji lilipoanza kwenye simu janja, mambo yakageuka. Ujumbe hausubiri mimi niusome. Unaruka juu ya kichwa changu unamfikia mwenye ng'ombe moja kwa moja, na watu mia wamekaa hapo wanamwangalia usoni atafanyaje. Festo wakati huo alikuwa anajiandaa kuhamia Tabora kwa watoto wake, koo limechoka. Nikamwambia, "Kaka, boksi halipo tena." Akasema, "Boksi halipo, lakini mdomo unao. Wewe endelea kusoma kwa sauti." Nikaona ananifariji tu.

Nisiseme uongo hata hivyo. Kundi lilifanya mema ambayo kadi isingeweza. Nitakutajia moja, maana linahusika huko mbele. Kulikuwa na dada anaitwa Spesioza, fundi cherehani wa Katumba. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye akazaliwa hapa hapa, na uraia wakapewa kama mimi na wewe. Mama yake alipofariki, watu ambao hawajawahi kumwona wakaanza kumtumia sauti za pole. Wengine wakasali kwa Kirundi, wengine kwa Kiswahili, mzee mmoja wa Misunkumilo akaimba wimbo mzima wa kanisani akiwa juu ya baiskeli, unasikia mnyororo unalia. Mama Migebuka alipeleka samaki wa matanga na hakutaka litajwe. Spesioza aliniambia baadaye kwamba zile sauti alizisikiliza wakati nyumba imejaa watu na yeye anajiona yuko peke yake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka kwa sababu kila nikilikumbuka naanza kujiuliza upya.

Mama Devota wa Mamba alifariki msimu wa kupalilia. Devota, binti yake, akaliandikia kundi: "Mama yetu ametutoka. Baba anaomba tumwombee. Mazishi kesho kutwa." Pole zikaanza kumiminika. Katikati ya hizo pole Mzee Bati akaandika:

"MSIMZIKE KWANZA. Huyo amejifia tu ili asije kupalilia mpunga wangu. Mwamsheni. Mwambieni jembe lake liko hapa linamsubiri."

Wewe umekulia mjini, Zawadi, pengine utani unaoujua ni wa mpira. Huu ni mwingine. Ukoo wa Mzee Bati na ukoo wa Baba Devota ni watani tangu mababu. Mtu wa ukoo mmoja akifa, mtani wake ndiye anayekuja na kelele, anazuia jeneza, anamtukana marehemu, analala mlangoni mpaka apewe kuku, na wafiwa waliokuwa wamekakamaa wanaangua kicheko. Wakishacheka ndio wanaweza kulia vizuri. Msiba usio na mtani huwa mzito, unabaki kifuani. Kwa hiyo Mzee Bati hakufanya kosa. Alikuwa ameanza kazi yake. Kosa, kama lipo, ni kwamba aliianza kwenye simu badala ya mlangoni.

Mimi nilikuwa kwenye ibada ya jumuiya, simu kwenye mkoba. Nilipoitoa ilikuwa ya moto.

"We mzee una akili kweli?"

"Atolewe! Admini yuko wapi?"

"Admini naye ni walewale."

Spesioza ndiye alikuwa wa kwanza kumjibu, na nataka hili lieleweke vizuri, hakumtukana. Aliandika: "Mzee wangu, mimi nimezika mama yangu juzi juzi tu. Kwetu mfu hachekwi. Nakuomba ufute, Devota asisome." Lakini waliokuja nyuma yake hawakuandika hivyo. Mtu mmoja akaupiga picha ule ujumbe pamoja na namba ya mzee, akausambaza kwenye makundi mengine ya mjini. Watu wasiomjua wakaanza kumpigia. Halafu mwingine, jina lake nalijua na halitatoka kwangu, akaandika: "Mnajuaje kama sio yeye aliyemuua? Mzee kama huyu anajua anachokifurahia."

Wewe unajua, na mimi najua, neno kama hilo, maana yake mchawi, likimwangukia mzee wa huku kwetu linaweza kumfikisha wapi. Nilikaa kwenye kiti cha jirani yangu bila kukaribishwa.

Nikampigia Mzee Bati. Aliipokea simu bila kusema haloo.

"Mzee, ni mimi, Mama Kadi."

"Ah. Mama Kadi." Sauti imepungua, kama ya mtu anayeongea ndani ya gunia. "Nilidhani ni wale wengine. Mmoja amenipigia ananiambia nikikanyaga Mamba watanichoma."

"Usiwasikilize, mzee."

"Siwasikilizi, ila wananisikilizisha." Akakohoa. "Mimi siendi, mwanangu. Mtamwambia mwenzangu nimeumwa."

"Na yeye akiniuliza umeumwa nini?"

"Mwambie miguu," akasema, akakata.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi, na sikuwa na boksi. Wafanyakazi wenzangu walinipigia wakasema mtoe mzee, kundi litulie. Walikuwa na sababu. Kundi ni la redio, na redio ikionekana inacheka misiba tutawaambia nini wasikilizaji? Wazee wawili watatu wakanipigia wakasema mtoe yule wa Katumba, ndiye aliyewasha moto. Nao walikuwa na sababu yao, japo niliipenda zaidi kabla sijaifikiria. Nikaingia chumbani nikafunga mlango, nikafanya kile Festo alichonifundisha. Nikausoma ule ujumbe kwa sauti. Kwanza kwa sauti yangu. Kisha kwa sauti ya Mzee Bati, ile ya kwenye salamu, yenye kicheko kinachokuja kabla ya neno. Wakati huo nilisikia mzee aliyefiwa. Halafu nikausoma nikiwa Spesioza, mama yangu hajamaliza hata msimu mmoja kaburini, na hakuna aliyewahi kunieleza mtani ni nini. Nikasikia mtu ananikanyaga.

Wote wawili walikuwa wema. Ndicho kilichonichanganya. Hata wale waliotukana, wengi wao walitukana kwa sababu walikuwa wanampenda Baba Devota. Nilikuwa nimezoea kudhani tusi linatoka kwa mtu mbaya.

Nikalifunga kundi, ile namna ambayo admini peke yake anaweza kuandika. Nikaandika: "Tumepumzika kidogo. Hajatolewa mtu." Kisha nikampigia Devota nikaomba kuongea na baba yake.

"Mama Kadi," akasema Baba Devota, "umefanya vizuri kupiga. Bati yuko wapi?"

"Baba, kuna maneno..." nikaanza.

"Maana hapa," akaendelea, "kila anayeingia analia. Namshika, nambembeleza mimi. Nimebembeleza watu tangu asubuhi. Mtani wangu haji? Amenikasirikia?"

Yeye hana simu janja. Alikuwa hajui lolote. Nikamsomea ujumbe wa Mzee Bati, nikajitahidi kuusoma kama mwenyewe. Kwenye "amejifia tu" nikasikia kitu kama mtu anakohoa, kumbe anacheka, na kicheko kikampasukia kikawa kilio, na Devota akachukua simu akaniuliza kwa ukali, "Umemwambia nini baba?" Simlaumu.

Nikamweleza Devota yote. Nikamwomba amshikie baba yake simu aseme anachotaka kusema, kwa sauti yake, aitume kwangu. Nilisita kumwomba. Mtu amefiwa na mke, wewe unamwomba arekodi. Mpaka leo sijui kama ilikuwa haki yangu. Lakini alikubali, na hii hapa ndiyo sauti yenyewe, naiandika kama ilivyo, kuku wanasikika nyuma:

"Inashika? Haya. Bati, mimi nimekaa hapa nalia tu, hakuna wa kunichekesha. Unamwogopa nani? Njoo udai mpunga wako. Na nyie watoto, sikilizeni. Huyu ni mtani wangu. Babu yake alizuia jeneza la babu yangu, na mimi nitalizuia la kwake, kama hataniwahi. Aliyesema ameua, huyo hajui anachosema, na mimi mfiwa ndiye ninayesema. Akiguswa njiani nimeguswa mimi. Basi. Devota, zima. Inazimwaje hii?"

Nikaituma kundini, nikaipeleka na kwa kila niliyejua yuko kwenye yale makundi mengine, nikawaomba waipeleke palepale walipoipeleka picha. Wengine walifanya hivyo. Wengine hawakunijibu. Picha ina mbio kuliko sauti, hilo utaliona mwenyewe.

Nilipolifungua kundi tena, watu walianza vizuri. "Samahani mzee wetu." "Hatukujua." Nikavuta pumzi. Labda niliivuta mapema, maana msamaha ule ukatafuta mtu wa kumwangukia, na ukampata.

"Sasa huyu mkimbizi aliyeanzisha mbona amenyamaza?"

"Mila zetu hazijui, angeuliza kwanza."

"Arudi kwao akawafundishe adabu za wafu."

Spesioza hakujibu kitu. Nikaona ule mstari mdogo unaosema amejitoa.

Niliwaondoa wale wa "arudi kwao", wote, na hao hadi leo sijawarudisha. Hilo silo la kupeleka Kesho. Kisha nikampigia Spesioza. Cherehani ilikuwa inaendelea kulia upande wa pili, na alikuwa anaongea huku anashona, ili mimi nisisikie sauti yake vizuri, nadhani.

"Sijakasirika, Mama Kadi."

"Mimi ningekasirika, mdogo wangu."

"Uraia ninao. Karatasi iko kwenye sanduku la mama. Ila nikikosea tu, hata kidogo, nanyang'anywa kwa siku nzima." Cherehani ikasimama. "Nyie mkikosea mnakuwa mmekosea tu. Mimi nikikosea nakuwa Mrundi."

Kwenye karatasi za semina ambayo redio ilitupeleka wameandika uoneshe kwamba unaelewa. Sikuelewa. Nilimwambia tu kwamba nimesikia.

Nikampigia Mzee Bati kumwambia mtani wake anamwita. Nikamweleza na ya Spesioza, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilihitaji mtu wa kumwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo binti," akasema, "ndiye yule aliyeniomba nifute kwa adabu?"

"Ndiye."

"Na mama yake kweli amekufa?"

"Kweli, mzee. Si ulimtumia pole wewe mwenyewe?"

"Nilimtumia." Akafikiri. "Ngoja. Hii sauti inabonyezwa wapi?"

Ikaja kundini muda mfupi baadaye, mwanzo wake ni yeye anauliza wajukuu kama inashika. Akasema: "Mimi Bati nasema hivi. Huyu binti wa Katumba hakunikosea. Alimlilia marehemu wangu wakati nyie mnanitafutia petroli. Sasa kuanzia leo yeye ni mtani wangu, nimemchagua, sitaki barua. Maana yake nini? Maana yake anayeruhusiwa kumtukana ni mimi peke yangu. Mwingine akimtukana ananiibia. Na yeye aje Mamba, nimwoneshe mtu anavyofanyiwa msiba. Akiogopa, mwambieni nimemwita mwoga."

Niliituma kwa Spesioza kwenye simu yake, kwa kuwa kundini hayupo. Alijibu neno moja: "Mwoga?"

Tulienda Mamba kwa basi, mimi na yeye. Ndani ya hifadhi ya wanyama mtandao ulikatika kama kawaida, simu zikawa vioo tu, na ndorobo, inzi wale wanaouma, wakawa na kazi yao. Hatukuongea sana. Aliniuliza kama mzee ni mrefu au mfupi. Nilikuwa nimemjua kwa miaka kwa mwandiko na kwa sauti, na ndipo nilipogundua sijawahi kumwona.

Ni mfupi. Alikuja na jembe begani na mkeka kwapani, na kabla hajaonekana alisikika. "Yuko wapi huyo mvivu? Nimepalilia peke yangu mpaka mgongo umekuwa upinde, kumbe yeye amelala kwenye sanduku jipya!" Watu wakageuka. Kulikuwa na vijana wawili wameegemea bodaboda zao kando ya njia, na nilikuwa nawaangalia wao, sio yeye. Mmoja akavua kofia. Nikapumua. Mzee Bati akatandika mkeka mbele ya jeneza, akalala, jembe kifuani. "Hapiti mtu. Kwanza mpunga wangu." Baba Devota alikuwa amekaa kama gogo tangu tufike. Mabega yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akashikwa na wanawe. Akainuka akaenda kumpiga Mzee Bati teke mguuni, pole pole, akasema, "Ondoka hapo, mchawi wewe," na ile ilikuwa mara ya kwanza neno lile nilisikie halina sumu. Akaletwa kuku. Mzee Bati akasema ni mdogo. Akaletwa mwingine. Kisha wakashikana wazee wawili, wakalia bila kujificha.

Spesioza alisimama nyuma yangu. Nilisikia anavuta pumzi. "Kwa hiyo ndio hivi," akasema.

Yule aliyeandika ile habari ya kuua alifuta maneno yake siku ile ile. Hakuomba radhi, si kwangu wala kwa mzee. Nilitaka kumwondoa. Baadaye nikajua alikuwa analala hospitalini na mgonjwa wake wakati ule, na sijui kama hiyo ni sababu au ni mimi namtafutia. Yupo bado. Huwa anasalimia watu wengi mno, hata wasiomjua.

Kuanzia msimu ule kundi lilikuwa na kipindi chake lenyewe. Asubuhi Spesioza anatuma sauti: "Mzee Bati, hujafa tu?" Naye: "Nakusubiri wewe ulete jembe. Mvivu wa Katumba hajawahi kushika mpini." Wageni waliojiunga karibuni wakishtuka, wale wa zamani waliwaambia, tulia, hao ni watani. Mimi nilikaa kimya. Siku nyingine niliwasikiliza kabla hata sijawasha jiko.

Mvua zilizopita Mzee Bati akafa. Alikuwa ameumwa, miguu kweli safari hii. Wajukuu waliandika kundini, na pole zikaja, na mimi nikangoja sauti moja, haikuja. Spesioza hakuandika neno.

Msibani Usevya nilimkuta Baba Devota amekaa mbele kabisa, mtani mwenyewe, ila magonjwa yake yamemmaliza, hawezi kusimama bila kushikwa. Alikuwa amesema atalizuia jeneza. Hakuweza. Watu wamekaa kimya kile kizito. Hapo akaingia mwanamke na kitu kirefu kimefungwa kitenge. Akakifungua. Ni jembe jipya, mpini mweupe.

"Yuko wapi?" akasema Spesioza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Si alisema ananisubiri? Nimekuja na jembe. Sasa ndio amelala?"

Kijana mmoja wa pale akasimama kumtoa. Baba Devota akainua mkono. "Mwache. Huyo ni mtani."

Akaenda mpaka mbele ya jeneza, akakaa chini na jembe lake. "Hapiti mtu," akasema. "Huyu mzee..." Na hapo maneno yakamwishia. Akatikisa kichwa. Watu wote tunamwangalia, na hakuna wa kumsaidia, maana kazi hiyo haifanywi na mwingine.

Baba Devota akainama kutoka kitini kwake kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma. "Sema alikuita mvivu."

"Aliniita mvivu," akasema Spesioza, machozi yanaingia mdomoni. "Kumbe mvivu ni yeye. Leteni kuku. Na asiwe mdogo."

Kicheko kikaanza kwa wajukuu.

Basi, Zawadi. Simu ya kundi iko kwenye droo, chaji yake nimeikunja pembeni, waya una jeraha karibu na kichwa kwa hiyo ushike taratibu. Uliniuliza nani anatolewa na nani anaachwa. Wale wa "arudi kwao" nimekwambia. Wengine sijui, kila mmoja alinipa kazi upya. Ukipanda juu sana kwenye jumbe za zamani utaukuta ule wa Mzee Bati, MSIMZIKE KWANZA, wote kwa herufi kubwa. Niliombwa mara nyingi niufute. Usiufute. Funga mlango, usome kwa sauti, na kicheko ukianze kabla ya neno.